Taa ya Barazani Saa Nane Mchana

Mtaa wa Poplar 418
Brennock, Ohio
Jumatano, 13 Oktoba 1982

Emil,

Mwaka huu watoto wa Brennock watapiga hodi za Halloween, na mavazi yao ya mizuka, wakiomba peremende nyumba kwa nyumba, Jumamosi tarehe 30, saa nane mchana hadi saa kumi, jua likiwaka badala ya usiku. Meya Corrigan ametangaza hivyo jana kwenye mkutano wa halmashauri. Nilikuwepo, kiti cha tatu kutoka mlangoni, kwa hiyo si habari ya kusimuliwa.

Sababu ni Chicago. Tangu wale watu saba wafe kwa vidonge vilivyotiwa sumu, kila mzazi hapa anaona sindano ndani ya kila peremende. Meya alisoma masharti matatu. Watoto wasitembee giza likiingia. Mtu asitoe kitu ambacho hakikufungwa kiwandani. Na anayekubali kugongewa awashe taa ya barazani, kama kawaida.

Mzee Tibor Hanak alisimama kule nyuma. "Meya, saa nane mchana hiyo taa ataiona nani?"

Meya akasema taa ndiyo alama ambayo watu wameizoea.

"Sawa," Hanak akasema. "Basi na jua lipewe kibali, maana nalo litawaka bila ruhusa ya halmashauri."

Watu wakacheka. Masharti yakapita, kura sita kwa moja.

Mimi sikucheka. Mwaka jana waligonga watoto mia moja na arobaini mlangoni kwetu. Kuwanunulia wote peremende za dukani ni kula nyama, maziwa na unga wetu wa wiki nzima. Mjomba Ondrej alishanipa bure gunia la mahindi ya bisi na ndoo ya asali ya mtama, ile shira nzito ya mabua yake. Nilipanga kufinyanga madonge ya bisi, kama mama alivyokuwa akifanya miaka yote na mtaa mzima ukila. Sasa naambiwa mikono yangu ni ya hatari, lakini mashine ambayo hakuna anayejua iko wapi ni salama.

Najua utasema nizime taa. Sizimi. Mtaa huu una nyumba ishirini na sita, na kumi na moja zimeshapigiliwa mbao madirishani tangu kiwanda cha chuma kifungwe. Siku ya Halloween nyumba yenye baraza la giza watu huihesabu kuwa imeshahama. Mwezi huu mimi siwezi kuhesabiwa kuwa nimehama, kwa sababu hii: walioomba kazi ya upishi shuleni walikuwa hamsini na wawili. Wamebaki wawili. Mmoja ni mimi.

Bodi ya shule itaamua Novemba. Nikiipata, tunabaki na nyumba na wewe unarudi. Nikiikosa, benki inaichukua nyumba Januari, nasi tunakufuata Houston. Hicho chumba chako kwa Bi Lindqvist kitatosha watu wanne? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Paulina ana kikohozi kidogo. Tereza ameng'oka jino la mbele na anaringa nalo.

Roza


Houston, Texas
18 Oktoba 1982

Roza wangu,

Kwanza anwani. Usiandike tena kwa Bi Lindqvist, sanduku lake la barua wahuni wamelivunja. Andika jina langu na "Posta Kuu, Houston, zisubiri dirishani." Ninapita pale Jumanne na Ijumaa.

Hapa bado joto. Juzi mtu mmoja wa Michigan alikaanga yai juu ya boneti ya gari lake. Akalila, akasema ni zuri kuliko la mkewe. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Mpaka leo analala kwenye hilo gari.

Hongera kwa kazi. Wawili kati ya hamsini na wawili! Nilijua. Bibi wa jikoni wewe, watakuachaje?

Kuhusu taa, mke wangu, izime. Si aibu. Nusu ya mtaa ni giza, na walio gizani hawajafa. Funga pazia, kaa na watoto sebuleni, wape bisi zao wenyewe. Mwakani nitakununulia peremende za kujaza beseni la kuogea.

Ndani kuna dola ishirini. Ni za saa za ziada. Nunua kitu kwa ajili yako, usilipie bili.

Kuhusu kuja huku, tusikimbilie. Houston ya sasa si ya watoto. Tuangalie baada ya majira ya baridi.

Mwambie Tereza asiling'oe la pili kwa makusudi.

Emil


Brennock, 22 Oktoba 1982

Emil,

Nilikuuliza swali moja, chumba kinatosha watu wanne au hakitoshi. Umenijibu yai, boneti na mtu wa Michigan.

Ishirini zako zimekwenda kwa kampuni ya gesi. Nimekusikia kuhusu bili, na nyumba ina baridi. Asante.

Miezi mitano sasa. Mei uliandika, "Nikipata mwezi mmoja wa kazi mje." Julai, "Mje shule zikifunguliwa." Sasa hadi baridi iishe, na anwani yako imekuwa dirisha la posta. Mimi si mjinga, Emil. Kama kuna mtu huko ambaye hataki kutuona tukishuka kwenye basi, niandikie jina lake nimfahamu. Nitalia siku moja, kisha nitakuwa na kazi nyingi za kufanya.

Tuliache hilo. Jana nimeamua.

Sharti la meya linasema kitu kiwe kimefungwa kiwandani ili watu wajue kimetoka kwa nani. Basi, watajua. Kila donge nitalifunga kwenye karatasi ya nta, nizungushie uzi, na ndani niweke karatasi yenye maneno haya: Limetengenezwa na Rozalia Vrabel, Mtaa wa Poplar 418. Na namba yetu ya simu. Paulina ana mwandiko mzuri kuliko wangu, ameshaandika sabini.

Gilda wa ng'ambo ya barabara alikuja kuazima pasi akazikuta zimetandazwa mezani. Akaokota moja, akaisoma mara mbili.

"Shoga, una akili timamu?"

"Sumu haina anwani," nikamwambia. "Uliona wapi mwuaji anaandika namba yake ya simu?"

"Roza, wewe unaongea habari za akili. Hawa watu wanaogopa."

"Wananijua. Nimewapikia chakula cha misiba kanisani miaka kumi na miwili."

"Uliowapikia wewe wamehamia Texas," Gilda akasema. "Waliobaki, nusu walikula kwenye hiyo misiba, nusu ndio waliozikwa."

Nikamwambia achukue pasi aende zake. Akachukua pasi, akaketi, akaandika karatasi kumi na tano kwa mwandiko wake mbaya. Sitazitumia, hazisomeki.

Nimesikia yule mwombaji mwingine wa kazi ya jikoni ni binamu ya mtu wa bodi. Sijathibitisha.

Roza


Houston, 26 Oktoba 1982

Roza,

Ninaandika nimesimama dirishani posta, barua yako nimeisoma sasa hivi, na nataka hii iondoke leo.

Usiandike jina. Gawa madonge ukitaka, au usigawe, lakini jina usiweke. Kiwandani tulipokuwa elfu nne jina la mtu lilikuwa dhamana, kwa sababu ukiharibu tulijua pa kukupata na pa kumpata baba yako. Huo mji haupo tena. Mtu mwenye hofu hasomi karatasi ili apate kujua wewe ni nani, anatafuta wa kumlaumu, na wewe utakuwa umemwandikia na namba ya nyumba.

Na hakuna mtu huku. Naapa kwa watoto. Hakuna mtu.

Emil


Brennock, Jumapili, 31 Oktoba 1982

Emil,

Barua yako imefika jana saa tano asubuhi. Donge la mwisho nilikuwa nimeshalifunga saa nne. Yalikuwa mia moja na hamsini.

Nakuandikia mambo kama yalivyotokea. Ukitaka kusema "nilikuambia," sema, lakini mara moja tu.

Saa nane kasoro robo niliwasha taa. Jua lilikuwa kali, mbingu haina wingu. Ilibidi nisimame chini ya balbu nikunje macho ndipo nikajua kama inawaka. Mtaa wote ulikuwa hivyo. Watoto hawakuweza kutofautisha, kwa hiyo waligonga kila mlango, hata nyumba zilizopigiliwa mbao. Jirani Pavlik, ambaye taa yake ilikuwa imezimwa kweli kweli, alitoka na suruali ya kulalia akipiga kelele, "Hamuoni nimezima?" Mtoto mmoja aliyevaa kama mfalme akamjibu, "Hatuoni hata kama umewasha, babu."

Ile hila yako ya kufunga pazia na kukaa gizani haingewezekana. Giza lenyewe halikuwepo.

Paulina alivaa koti lako la kiwandani, lile la kijani lisiloshika moto, kofia ngumu na miwani. Koti lilimfika kwenye vifundo. Tereza alikuwa shuka lenye matundu mawili. Gilda alipowafungulia mlango akamuuliza Paulina, "Na wewe ni nani?"

"Mfanyakazi wa kiwanda cha chuma."

"Aa," Gilda akasema, "basi mizuka imenijia miwili."

Walikuja watoto mia moja thelathini na moja. Wanatoa sauti ileile, "Tupe, la sivyo tutakukomoa!" na mimi naweka donge moja kwenye kila mfuko. Wengi walisema asante. Mmoja, mwanaanga aliyefungwa karatasi ya alumini ya jikoni, akaniambia taratibu, "Mama amesema nichukue ili usijisikie vibaya, lakini nisile." Nikamwambia mama yake ana adabu.

Kwenye saa tisa akapita mama mmoja wa zile nyumba mpya za barabara kuu, sijawahi kumwona. Watoto wake walibaki ngazini. Akatoa donge kwenye mfuko wa mwanawe akasoma karatasi.

"Vrabel ndiyo nani?"

"Mimi."

"Mwenye nyumba hii?"

"Mimi hapa. Unaniona."

"Ninakuona," akasema, "lakini sikujui."

Akalirudisha mkononi mwangu, si kwenye bakuli. Akaondoka. Nikalitia tena kwenye bakuli.

Saa kumi na nusu nilitoka na Paulina kumfuata Tereza kwa rafiki yake karibu na kanisa. Hapo ndipo nilipoyaona madonge yangu. La kwanza lilikuwa mtaroni mbele ya kwa Pavlik, limekanyagwa. La pili na la tatu kwenye nyasi za posta. Pipa la kona ya Mtaa wa Elm lilikuwa limejaa hadi juu. Jina langu lilikuwa mtaroni, kwenye pipa, chini ya gari, kwenye ngazi za benki. Upepo ulikuwa umefungua karatasi kadhaa, zikawa zinatembea barabarani zenyewe. Kutoka kwetu hadi kanisani nilihesabu thelathini na nane.

Paulina alianza kuziokota karatasi, si madonge. Nikamwambia aache.

"Mwandiko ni wangu," akasema. Akaendelea hadi mifuko ya koti lako ikajaa.

Tangu jana jioni simu imelia mara kumi na tisa. Watu kumi na wanne walitaka kujua nimetia nini. Wanne walikata nilipopokea. Mmoja alikuwa Hanak, alitaka kujua kama yamebaki. Nikamwambia yamebaki ishirini. Alikuja kuyachukua yote, akala moja amesimama barazani ili mtaa umwone, kisha akasema asali imezidi.

Roza


Brennock, Jumanne, 2 Novemba 1982

Emil,

Bwana Ostrander, mkuu wa shule za wilaya, ameniandikia. Barua ni ya jana, iliyoletwa kwa mkono. Anasema wazazi kumi na mmoja wamelalamika kwa maandishi kwamba mtu aliyekaidi masharti ya usalama ya halmashauri asikabidhiwe chakula cha watoto mia tatu. Hasemi nimefanya kosa. Anasema "kwa heshima ya pande zote" niondoe ombi langu la kazi kabla ya Ijumaa tarehe 5, saa kumi.

Nimesoma majina ya wale kumi na mmoja. Watatu nimewapikia misiba ya mama zao.

Kwa hiyo jana usiku nilikaa nikapanga safari ya Houston, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Nilikwenda kwa Gilda, nikampigia Bi Lindqvist kwa simu yake, maana yetu haiachi kulia, dakika tatu, ili nijue kodi ya chumba kikubwa. Akasema, "Vrabel? Yule bwana alihama tarehe 11 Septemba, mama. Na sanduku langu la barua ni zima, nani amelivunja?"

Miezi miwili. Umeniandikia barua sita tangu hapo, na kila barua ina hali ya hewa.

Sikuulizi tena jina la mtu. Nakuuliza wewe, unalala wapi? Nijibu kwa mstari mmoja. Ukiniandikia yai, sitafungua barua nyingine.

R.


Houston, 6 Novemba 1982

Roza,

Ninalala kwenye hema.

Huo ndio mstari. Mengine soma ukitaka.

Kazi ya mabomba iliisha tarehe 3 Septemba. Walitukusanya uwanjani sitini, wakatugawia bahasha za kuachishwa kazi. Nilimlipa Bi Lindqvist hadi fedha ikaisha, kisha nikaja hapa mtoni, nje ya mji, barua zako nikawa nazifuata kwake. Tuko kama watu mia mbili. Ohio, Michigan, Pennsylvania, namba za magari utadhani ni maegesho ya kiwanda chetu. Asubuhi tunasimama kwenye kona fulani, wenye malori wanakuja kuchagua. Wiki nzuri napata siku mbili. Mara mbili kwa wiki nauza maji ya damu mjini. Wanakutoa damu, wanachuja, wanakurudishia nyekundu yako. Ishirini zako zilitoka mkononi mwangu, lakini si kwa saa za ziada.

Yule mtu wa Michigan yupo kweli, na yai lilikuwepo. Gari ndiyo nyumba yao.

Sikukuambia kwa sababu mpango wako wote ulikuwa na Houston ndani yake. Ukikosa kazi, Houston. Benki ikija, Houston. Niliona nikikuambia hakuna Houston, utasimama mbele ya bodi ukiwa huna pa kurudi nyuma, na watu wanaosaili wanainusa hali hiyo. Nilikosea. Na taa nilikuambia uizime kwa sababu nilidhani tukianza mapema kuzoea kuhesabiwa tumehama, siku yenyewe ya kuhama haitauma. Hapo pia nilikosea. Sisemi "nilikuambia." Wewe mtaani ulisimama, mimi nilijificha kwenye posta.

Halloween hapa ilikuwa Jumapili. Watoto ni kama arobaini. Kinamama waliamua magari yawashe taa za ndani, mwenye kuwasha anakubali wageni. Betri za watu wengi zimekufa, kwa hiyo wengine waliwasha tochi wakazining'iniza kwenye kamba ya hema. Mimi sikuwa na peremende. Nilikuwa na karanga mbichi, nikazichoma kwenye kikaango na chumvi, nikawa nagawa kwa kikombe. Walizipokea kwenye kofia na kwenye viganja, zikiwa moto, wakala palepale. Msichana mmoja aliyejipaka masizi usoni akaniuliza, "Wewe ni nani, mjomba?" Nikasema Emil wa hema la bluu. "Haya, Emil wa hema la bluu, ongeza."

Hakuna aliyenijua huku, Roza, na walikula. Sijui maana yake. Nimekuandikia kama ilivyokuwa.

Nina afya. Nimepungua, lakini Tereza atanitambua. Nauli sina, na sitakudanganya kwamba nitaipata wiki hii.

Je, uliondoa ombi Ijumaa? Usiponijibu nitastahili.

Emil


Brennock, Jumanne, 9 Novemba 1982

Emil,

Madonge yangu sitini na matatu yaliyopelekwa na wazazi kituo cha polisi yamepitishwa kwenye eksirei ya hospitali, moja moja, na hayakukutwa na kitu. Sajini Dombeck ameniambia leo saa tatu asubuhi, mlangoni kwangu, akiwa na sanduku la kadibodi mikononi.

"Bi Vrabel, inabidi utie saini kwamba umerudishiwa mali yako."

"Mali yangu ina siku kumi, Sajini. Imekuwa mawe."

"Ndiyo maana nataka itoke ofisini kwangu." Akashusha sanduku. "Moja lilitusumbua. Mtu wa eksirei aliona doa jeusi katikati, akaita daktari, daktari akaita mwingine. Wakalipasua kwa kisu."

"Wakakuta nini?"

"Punje ambayo haikupasuka."

Sikujua nicheke au nimfukuze. Nilimwomba aniandikie kwa kalamu yake, kwenye karatasi ya polisi, idadi na matokeo. Akasema hiyo si kazi yake, kazi yake ni kupokea malalamiko. Nikamwambia basi apokee la kwangu: vitu sitini na vitatu vyenye jina langu vimeletwa polisi kama sumu, nataka kuandikisha kesi kumi na moja, moja kwa kila mzazi aliyenilalamikia. Akavuta kiti, akaandika mistari minne, akatia saini.

Sasa jibu la swali lako. Sikuondoa ombi. Ijumaa saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa ofisini kwa Bwana Ostrander.

"Umeniletea barua ya kujitoa?" akauliza.

"Nimeleta swali. Nisipojitoa, nini kinatokea?"

Akavua miwani. Akasema kwa kuwa kuna malalamiko ya maandishi, suala linatoka kwake linakwenda mbele ya bodi, mkutano wa wazi, yeyote anaweza kusema dakika tatu. "Bi Vrabel, nilitaka kukuepusha na hilo. Watasimama watu unaowajua."

"Watu nisiowajua ndio walioniumiza zaidi," nikasema. "Niandike kwenye orodha ya wasemaji."

Ameniandika wa nne. Wa kwanza hadi wa tatu ni walalamikaji. Yule mwombaji mwingine kweli ni binamu ya mtu wa bodi, nimethibitisha kwa dada yake. Bodi ina watu watano. Gilda anasema wawili ni wangu, wawili si wangu, na wa tano, Bwana Tolliver, hafungui mdomo hadi kura ipigwe. Sikupi matumaini, nakupa hesabu ya viti. Naweza kushindwa. Na hata nikishinda, kuna watu mjini hapa watakaoitazama mikono yangu kila nitakapopakua supu ya watoto wao, na hilo hakuna kura itakayoliondoa.

Kuhusu wewe. Barua yako nimeisoma jana mara nne. Nina hasira ambayo sitaimaliza kwa wino, kwa hiyo nitaisubirisha. Umenificha miezi miwili ili nisiogope, na miezi hiyo miwili nimeogopa kitu kingine kibaya zaidi. Umeuza damu yako nikailipia gesi. Siku moja utanieleza uso kwa uso ulifikirije.

Safari ya Houston imefutika, kwa sababu hakuna Houston. Wewe ndiye unakuja huku. Kwa bodi au bila bodi, nyumba hii tunayo hadi Januari, na hema lako lisubiri mwenyewe mwingine. Bunduki yako ya kulungu nimemwuzia Pavlik. Usiandike barua kuhusu bunduki. Tiketi nimeilipia hapa stendi. Nenda kwenye dirisha la stendi ya mabasi ya Houston, taja jina lako, utaipata. Basi linaondoka Jumapili tarehe 14, saa tatu na robo usiku. Unabadilisha Memphis na Cincinnati. Linafika Brennock Jumanne tarehe 16, saa kumi alasiri.

Watoto nimewaambia ukweli, hema na yote. Tereza ameuliza kama hema unakuja nalo. Paulina alikwenda kulipiga pasi shati lako jeupe. Gilda bado anayo pasi yetu, hajui kurudisha, Paulina alikwenda kulipigia huko.

Utashuka na uchovu, utaoga, utakula. Sitaki useme chochote kwenye mkutano, dakika tatu ni zangu. Nataka ukae ambapo wale kumi na mmoja watakuona.

Bodi inakutana Jumanne hiyohiyo, tarehe 16 Novemba, saa moja kamili jioni, maktaba ya shule. Mlango wa mbele wanaufunga mapema. Pita ule wa upande wa Mtaa wa Elm.

Rozalia